Mkono wa Pili wa Bi Hawa

Miezi minne ya mwanzo sikuitazama ile picha. Ilitundikwa ukutani, mkabala na kitanda cha mzee niliyekuwa nikimtunza kusini mwa London, na kila nilipoingia na chai ya asubuhi niliinamisha macho. Mwanamume na mwanamke wamesimama watupu, mti katikati yao, nyoka kauzunguka mti. Mimi nimekulia Mji Mkongwe, Unguja, katika nyumba ambayo hata kalenda yenye picha ya mtu iligeuzwa uso ikifika saa ya kusali. Kwa hiyo nilipofuta vumbi nilipitisha kitambaa kwenye fremu, kioo nikakiacha.

Mzee alikuwa na miaka 84. Alifundisha kuchora maisha yake yote. Miguu ilikuwa imegoma, na kumbukumbu ilikuwa ikija na kuondoka. Aliweza kusahau kama amekula, lakini jambo la kalamu na karatasi halikumpotea. Asubuhi moja akaniambia, "Fremu inang'aa. Kioo kina vumbi."

Nikamweleza kwa heshima kwamba kwetu mwili ni kitu cha kusitiri, na wale wawili pale ukutani wananitia haya. Hakubisha. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi usianze nao. Anza na paka."

Paka amejilaza chini kabisa, mbele, karibu na miguu ya Bi Hawa. Hatua moja tu kutoka kwake, upande wa mguu wa Nabii Adam, kuna panya. Nilikaa kwenye kiti nikawatazama mpaka chai ya mzee ikapoa. Vichochoro vya kwetu vimejaa paka, nawajua. Paka akimtaka panya hujibana, mabega yakapanda, ncha ya mkia ikachezacheza. Huyu hana dalili hata moja. Amelegea. Na panya naye hakimbii. Nikamwambia mzee, "Hawa bado hawajajuana kuwa mmoja ni paka na mwingine ni panya."

Akapiga godoro kwa kiganja. "Umeshaisoma picha," akasema. "Yaliyobaki ni kuizunguka tu."

Aliyeitengeneza ni Albrecht Dürer, fundi wa Nuremberg, Ujerumani, mwaka 1504. Haikuchorwa kwa brashi. Ilichongwa kwenye bamba la shaba kwa kalamu ya chuma yenye ncha kali, mstari kwa mstari, kisha wino ukasuguliwa uingie kwenye mifereji, juu ya bamba ukafutwa, na karatasi yenye unyevu ikakandamizwa juu yake kwa shinikizo. Kila kitu hutoka kinyume, kama uso kwenye kioo, kwa hiyo fundi huchonga akijua kwamba kulia kwake kutakuwa kushoto kwa mtazamaji, na herufi lazima aziandike kwa kuzigeuza. Jambo hilo ndilo lililonifanya niiheshimu kazi yenyewe kabla sijaielewa. Babu yangu alikuwa fundi wa milango ya nakshi. Nilikuwa nikikaa sakafuni karibu na maganda ya mbao nikimtazama akipiga patasi kwenye kizingiti cha juu, mahali ambapo aya huandikwa, na nilimwona akirudia herufi moja siku nzima. Patasi ikiteleza, hakuna kufuta. Shaba nayo haina huruma zaidi ya mninga.

Mzee alikuwa na sheria moja, nayo aliishika kama walimu wa chuo cha Qur'ani wanavyoishika alifu na bee. Kabla ya kusema kitu kina maana gani, sema unaona nini. Kila jioni baada ya dawa zake aliniuliza, "Leo umeona nini?" Nikijibu, "Nyoka ni shetani," aliniambia, "Sijakuuliza hilo. Nyoka anafanya nini?" Nikatazama tena. Nyoka amejiviringisha kwenye shina, kichwa amekileta mbele, na tunda liko kinywani mwake. Anampa Bi Hawa mdomo kwa mkono, kwa upole, kama ndege anavyolisha kinda. Hilo nisingeliona kama ningekimbilia kusema shetani.

Akaniuliza tena, nani anamtazama nani. Nabii Adam anamtazama Bi Hawa. Bi Hawa macho yake yako kwenye tunda na nyoka. Hakuna anayetutazama sisi. Nikaambiwa niangalie miguu, nikaona kila mmoja uzito ameuweka mguu mmoja, mguu wa pili umelegea na kisigino kimeinuka kidogo. Wamesimama, lakini ni kama hatua imeshaanza. Baadaye mzee alinieleza kwamba miili ile Dürer aliipima kwa rula na bikari akitafuta uwiano kamili wa mwanadamu, na kwamba mikao yao imetokana na sanamu za kale za miungu ya Wagiriki na Warumi. Ndiyo maana iko shwari kama mawe. Nyuma yao msitu ni mweusi kabisa, na ngozi zao zinang'aa mbele ya giza hilo. Katika kitabu chake kikubwa kulikuwa na picha za nakala za majaribio, zilizopigwa chapa kabla kazi haijaisha. Msitu sehemu kubwa umeshakamilika, na miili bado ni mistari mitupu. Fundi alilitengeneza giza kwanza, halafu akawaweka watu ndani yake. Usiku ule nililala nikilifikiria hilo.

Hali ya picha niliikosea mwanzoni, nakiri. Niliona utulivu, nikadhani inazungumzia raha. Wanyama wamelala, watu ni wazuri, majani yamejaa. Ilinichukua wiki nyingi kuhisi kwamba utulivu ule si wa mapumziko. Ni ule wa bahari ya Unguja kabla kusi haijaanza kuvuma, wavuvi wanapoitazama na hakuna anayesema kitu. Juu kabisa, pembeni kulia, kuna jabali, na kwenye ncha yake mbuzi wa mlimani amesimama, mdogo kama punje. Ukimfunika kwa kidole, picha inakuwa bustani. Ukiondoa kidole, tumbo linakaza. Mnyama mmoja mdogo kiasi hicho anaibadilisha hewa ya karatasi nzima.

Baada ya kunizoesha kutazama, ndipo akanifungulia maana. Kulungu mkubwa anayepita nyuma ya mti, ng'ombe aliyelala, sungura, na paka: mwanahistoria wa sanaa Erwin Panofsky aliwasoma kama tabia nne za mwili katika tiba ya zamani ya Ulaya. Kulungu ni huzuni ya nyongo nyeusi, ng'ombe ni uzito wa balghamu, sungura ni uchangamfu wa damu, paka ni ukali wa nyongo ya manjano. Kabla ya kosa zote nne zilikaa sawa ndani ya mwanadamu. Baada ya kosa moja hushinda nyingine, na hapo ndipo maradhi na mauti yanapoingia.

Mzee alidhani ananipa kitu kigeni. Mimi nilicheka kwa furaha, nikamwambia bibi yangu angemfundisha yeye. Bibi alipika kwa hesabu hiyohiyo: hari, baridi, yabisi yaani ukavu, na rutuba yaani unyevu. Ukila samaki usinywe maziwa juu yake. Mtoto akikohoa, "ana balghamu huyo, mpeni tangawizi." Wazungu na watu wa pwani yetu walichota kisima kimoja, tiba ya Wagiriki, na sisi ilitufikia kupitia waganga wa Kiislamu. Kwa hiyo kile kilichokuwa kitendawili kwa wanafunzi wake wa London, kwangu kilikuwa harufu ya jikoni.

Pamoja na hayo, sikukubali kila kitu. Kasuku aliye juu ya tawi, kwa mfano, husemwa ni ndege wa hekima. Wengine wamemfungamanisha na Bikira Maria, kwa sababu watu wa zamani waliamini kasuku hutamka "Ave", salamu ya malaika kwa Maria, na "Ave" ukiigeuza inasomeka "Eva", yaani Hawa. Ni fumbo zuri na huenda Dürer alilijua. Lakini nimeona Unguja watembezaji watalii wakiwapangia wageni maana za milango kama bei sokoni: mnyororo maana yake hii, samaki maana yake ile, mnanasi ile. Babu akiulizwa alijibu, "Utazame mlango kwanza umesimamaje." Alama huwa na maana mahali pake, kwa jirani zake. Paka peke yake si ukali. Paka aliyelala hatua moja kutoka kwa panya, chini ya mkono unaopokea tunda, huyo ndiye anayesema.

Jambo lililonisumbua zaidi ni Bi Hawa. Nilifundishwa kisa hiki chuoni kwa namna nyingine. Katika Qur'ani hakuna nyoka, tunda halina jina, na Sura ya Al-A'raf inasema shetani aliwatia wasiwasi wote wawili. Hata Biblia, katika Mwanzo, haisemi ni tofaa, inasema tunda tu. Sasa tazama mkono wa Nabii Adam. Mmoja bado umeshika tawi la mti mwingine, mti wa nchi za baridi, ambao wachambuzi wameusoma kuwa mti wa uzima. Mkono wa pili ameunyoosha kuelekea kwa Bi Hawa, kiganja wazi. Hajapewa kitu bado, na kiganja kiko wazi. Nilimwambia mzee kwamba anayesema picha hii inamlaumu mwanamke hajautazama mkono huo. Alikaa kimya muda mrefu, akasema amefundisha picha hiyo zaidi ya miaka 30 na hajawahi kuanzia kwenye mkono huo.

Na neno "wasiwasi" nalo lilinirudia. Tunalitumia kila siku kwa maana ya mashaka na hofu: nina wasiwasi na mtihani, nina wasiwasi na safari. Lakini asili yake ni ule mnong'ono, sauti ndogo ya shetani moyoni. Kiswahili kimeuhifadhi mnong'ono ndani ya hofu. Mnong'ono huo haupigi kelele. Kwa hiyo picha yenye kelele, yenye moto na mapembe, haiwezi kuwa picha ya wasiwasi.

Mwezi wa Novemba nilimpeleka kwenye jumba la British Museum, yeye kwenye kiti cha magurudumu, kuiona nakala halisi. Wana chumba cha kusomea ambako mtu akiweka miadi huletewa karatasi zenyewe mbele yake, mezani. Ile ya kwetu ukutani ilikuwa imekuzwa. Ya kweli ni sentimita 25 kwa 19 hivi, ukubwa wa daftari la shule. Nilishtuka. Ulimwengu wote ule, wanyama wanane, msitu, jabali, umekaa kwenye kitu unachoweza kukibeba kwapani. Kwenye tawi kimening'inia kibao kidogo, na mzee akanisomea Kilatini chake: Albrecht Dürer wa Nuremberg alikuwa akiifanya, 1504. Si "aliifanya". Mafundi wa kale, alisema, waliweka sahihi hivyo kuonyesha kwamba kazi haijafungwa. Nikamwambia Kiswahili kinaweza kusema hivyohivyo bila taabu, na kwamba picha nzima iko katika wakati huo. Hakuna "alikula" mle ndani. Kuna "anapokea" tu, kwa miaka mia tano.

Sasa nifike nisipopenda kufika.

Pesa za matumizi ya mzee zilikaa kwenye bahasha, ndani ya kopo la biskuti, droo ya jikoni. Nilizishika mimi. Kila nilichonunua niliandika kwenye daftari, risiti nikaibana kwa pini. Binti yake alikuja mara moja kwa mwezi, akapitisha macho, akanishukuru. Aliniamini. Jumanne moja ya Desemba mdogo wangu alipiga simu kutoka Unguja. "Dada, mama kalazwa. Wanataka vipimo leo na mimi sina kitu." Mshahara wangu ulikuwa unaingia Ijumaa. Nilikwenda jikoni, nikafungua droo, nikatoa noti tatu za pauni 20, nikarudisha kopo. Sikuandika kitu.

Ninachotaka kusema, kwa sababu ndicho kilichonifundisha kusoma picha kuliko mwaka mzima wa maelezo, ni jinsi hali ilivyokuwa. Ilikuwa shwari. Friji lilikuwa likinguruma kama siku zote. Mvua nyepesi dirishani. Moyo haukudunda, mikono haikutetemeka. Nilikuwa mtu mwema anayemsaidia mama yake. Nilijiambia naazima, na neno hilo lilikuwa laini mdomoni. Mzee alikuwa amelala mita chache tu, na hata akiamka asingekumbuka zilikuwa ngapi. Hilo la mwisho nililifikiria. Lilipita haraka sana, lakini lilipita, na nililiona likipita.

Pesa zikatumwa. Mama akapimwa, akapewa dawa, Alhamisi akarudi nyumbani. Jioni ile ya Jumanne, baada ya dawa, mzee akauliza swali lake. "Leo umeona nini?"

Nikainua macho kwa desturi tu. Nikauona mkono wa pili wa Bi Hawa.

Mkono wa kulia, ule unaopokea tunda kwa nyoka, kila mtu anauona, uko katikati ya picha. Lakini wa kushoto ameushusha, ameurudisha nyuma ya nyonga, na humo ameshika kitawi chenye tunda jingine. Tayari analo. Nabii Adam, kwa alivyosimama, hawezi kuliona. Na majani ya kitawi hichohicho ndiyo yanayomsitiri sisi tusione mwili wake. Miezi yote ile nilikuwa nikishukuru kimoyomoyo kwa majani hayo, kwa ajili ya haya yangu, na sikuwahi kuyafuata mpaka kwenye vidole vinavyoyashika. Uso wake ni ule ule mzuri, hauna kosa. Habari yote iko kwenye mkono uliorudi nyuma.

Nilimjibu mzee, "Leo sijaona kitu." Huo ulikuwa uongo wa kwanza niliowahi kumwambia, na uliniuma kuliko zile pauni 60.

Ijumaa mshahara ukaingia. Nilitoa noti tatu za 20 kwenye mashine, nikazirudisha kwenye bahasha. Hesabu ikawa sawa. Mtu yeyote angepiga hesabu ile asubuhi angeikuta imetimia, senti kwa senti, na kwa muda wa siku moja nilijaribu kuamini kwamba kwa hiyo hakuna kilichotokea. Lakini kila nikiingia chumbani jicho lilikwenda penye nyonga ya Bi Hawa, na nikaona jambo moja: picha haina mahali pa kurudishia tunda. Hakuna hata tawi moja tupu lililochorwa pale.

Jumamosi, baada ya kumuogesha na kumvisha sweta lake la kijani, nilikaa kitandani pake, jambo ambalo sikuwa na kawaida nalo. Nikamwambia yote. Kopo, Jumanne, mama, Ijumaa. Nikamwambia pia kwamba nilifikiria asingekumbuka. Hilo ndilo lilikuwa gumu kulitoa.

Hakusema nimekosa wala hakusema si kitu. Alitazama ukutani. Kisha akauliza, "Ule mkono umeuona lini?"

"Jumanne usiku."

"Na ukaniambia hujaona kitu."

"Ndiyo."

Akaniagiza nilete daftari na kalamu ya wino. Nikaleta. Akasema andika. Nikaandika kwenye mistari ya wiki ile, nafasi iliyokuwa imebaki kati ya maziwa na mkate: Jumanne, pauni 60 zimetoka bila ruhusa. Ijumaa, pauni 60 zimerudi. Nikampa asome. Alisoma taratibu, daftari karibu na pua, akaweka ukucha chini ya maneno "bila ruhusa", akaniangalia. Sikuwa nimeambiwa niyaandike hayo. Akaomba kalamu, na kwa ule mkono wake unaotetemeka akaweka sahihi pembeni, pale ambapo binti yake angeiona mwisho wa mwezi.

Kisha akanirudishia daftari na kusema chai imepoa, nimpashie.